Bi Sentimita na Dakika Mbili

Bi Sentimita hakumtambua kwa sura. Alimtambua kwa maneno. Jumatatu ile asubuhi alikuwa amesimama kwenye uwanja wa chuo cha mitambo, kando ya kijiko, ile mashine yenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, akiwaita wanafunzi wapya wajipange. Mwanamume mmoja wa makamo, aliyekuwa bado getini na simu sikioni, akainua kidole na kusema, "Dakika mbili tu, mwalimu."

Bi Sentimita akainamisha uso kwenye daftari la mahudhurio, akajifanya anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Mtu yule alikuwa amenenepa na kuota mvi masikioni, lakini ni yeye. Huko makazini walimwita Dakika Mbili, kwa sababu kila alipoambiwa asubiri, jibu lake lilikuwa hilohilo. Alikuwa ameendesha vijiko zaidi ya miaka ishirini bila karatasi yoyote. Sasa sheria ilikuwa imebadilika: asiye na cheti haruhusiwi hata kuwasha mashine, awe mkongwe au mgeni. Kwa hiyo alikuja kukaa darasani na watu wa umri wa wanawe, akiwachekesha na kuwaambia kwamba yeye amekuja kuchukua karatasi tu, kazi anaijua tangu wao wakiwa wananyonya.

Wote wakacheka, isipokuwa mkufunzi wao, Bi Sentimita.

Miaka tisa nyuma mkufunzi huyo alikuwa karani katika ofisi ya mkandarasi wa mabomba ya maji. Ndiye aliyemtafutia mdogo wake kibarua cha kuunga mabomba. Kampuni ile haikutaka ndugu wawili kwenye kazi moja, basi wakafanya siri. Mdogo mtu alikuwa akipita dirishani na kumwamkia, "Shikamoo karani," kwa heshima zote, kisha jioni wakifika nyumbani wanacheka mpaka mama yao anauliza kulikoni.

Siku moja saa tano asubuhi mdogo wake alikuwa chini mtaroni akikaza kiungo cha bomba. Wenzake walimwambia mwendesha kijiko asubiri kijana apande. Akasema dakika mbili tu. Hakushusha hata ile miguu miwili ya chuma inayoishikilia mashine isiyumbe inapochimba. Alipozungusha mkono wa kijiko, mashine ikalala upande, ukingo ukamomonyoka, na udongo ukamfunika kijana. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Kikao cha uchunguzi kilichukua muda mfupi kuliko mazishi. Dakika Mbili alikaa mbele ya wakubwa, akasema marehemu alikuwa amelewa, akajitumbukiza mtaroni bila ruhusa. Foromani, msimamizi wao wa kazi, akaitikia kwa kichwa. Karani alikuwa palepale kwenye kona, anaandika. Mtoa ushahidi hakumtupia jicho hata mara moja. Nani humtazama karani? Naye hakufumbua mdomo. Angesema, siri ya undugu ingefichuka. Jioni ile aliichapa ripoti kwa vidole vyake mwenyewe: *chanzo cha ajali ni ulevi na uzembe wa marehemu.* Mdogo wake hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Wiki hiyohiyo aliacha kazi. Mama yake alidhani ni majonzi. Hakujua kwamba bintiye amekwenda kujiandikisha kujifunza kuendesha kijiko, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanane. Walimcheka, akavumilia. Alijifunza kuchimba mtaro ulionyooka kama uzi, kisha akawa mkufunzi, kisha mtahini. Jina la Bi Sentimita alilipata kwa sababu alikuwa akishuka mtaroni na futi kupima kina, na mtu akikosea kwa upana wa kidole humrudisha. Waliomchukia walisema ana roho mbaya. Hakubisha. Alijua kuna mtu mmoja ambaye ipo siku njia itamleta pale.

Angeweza kulifuta jina la Dakika Mbili siku ileile ya kwanza; sababu hazikosekani. Lakini kumfukuza mlangoni kungekuwa kumsaidia kukimbia. Alimtaka ndani.

Wiki ya kwanza alimfundisha kama wengine, na lililomuuma zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa fundi kweli. Mkono wa kijiko ulimtii kama mkono wake mwenyewe. Angeweza kuokota chupa kwa meno ya ndoo asiivunje. Bi Sentimita alitazama ustadi ule na chuki ikazidi kumchemka: kumbe hakumuua mdogo wake kwa kutojua. Alimuua kwa kutojali.

Wiki ya pili ilikuwa ya usalama. Kila kundi hupewa ajali moja iliyokwisha kutokea, bila majina, waandike nani alikosea na nini kingefanywa. Safari hii Bi Sentimita aliiandika ajali mwenyewe. Mtaro, bomba, saa tano asubuhi, miguu ya mashine juu, kibarua chini. Akagawa karatasi, akaketi mezani na kumkazia macho mtu mmoja.

Dakika Mbili alisoma. Akasoma tena. Akapangusa shingo kwa kitambaa. Kisha akaandika mistari mitatu na kuifunika karatasi yake.

Zilipokusanywa, Bi Sentimita alizisoma kwa sauti bila kutaja walioandika. Kumi na moja zilimlaumu mwendeshaji. Moja tu ilisema kibarua aliingia mtaroni kwa uzembe wake, huenda alikuwa amekunywa.

"Amekunywa?" akauliza mwanafunzi mmoja aliyekuwa fundi bomba. "Hapa hakuna palipotajwa pombe. Na hata angekuwa amelewa chakari, miguu ya mashine iko juu, unamlaumuje aliye chini? Aliyeandika hivyo asipewe hata toroli."

Darasa zima likaangua kicheko. Dakika Mbili naye akajaribu kucheka, lakini kicheko kikamkwama njiani. Akainua macho na kukutana na ya mkufunzi. Hapo, labda kwa mara ya kwanza maishani, alimtazama karani usoni. Bado hakumjua, lakini alianza kuogopa.

Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo. Katika mtihani ule kulikuwa na jambo ambalo Bi Sentimita mwenyewe aliliingiza kwenye kanuni miaka mitatu kabla: katikati ya kazi, bila mtahiniwa kujua ni lini, sanamu la magunia linavutwa kwa kamba na kuangukia mtaroni. Mtahiniwa anapaswa kusimamisha mkono papo hapo, apige honi, asubiri mtu wa ishara ahakikishe mtaro ni salama, kisha aendelee na kumaliza ndani ya muda. Kila mtu hupewa mtihani huohuo. Katika hilo hakukuwa na hila.

Hila ilikuwa kwenye mavazi. Kanuni ilisema sanamu livae koti la kung'aa. Haikusema livae nini ndani. Asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, Bi Sentimita alifungua sanduku la mama yake akatoa sweta ya manjano yenye kiraka cheusi begani. Mdogo wake aliivaa kazini kila siku, ila siku ya ajali joto lilikuwa kali akaiangika kwenye ua. Ndiyo maana haikufukiwa mtaroni pamoja naye. Alijua anachofanya si haki. Hata hivyo aliikunja sweta ndani ya mfuko akaenda nayo.

Watahiniwa saba wa kwanza walipewa sanamu la kawaida. Ilipofika zamu ya Dakika Mbili, alimwambia mtu wa ishara asubiri kidogo, akalivisha mwenyewe na kuliacha koti la kung'aa wazi kifuani.

Dakika Mbili alianza vizuri mno. Akashusha miguu, akalaza ndoo ya mbele chini, akatazama nyuma na pembeni, akachimba. Mtaro ulitoka safi. Kisha kamba ikavutwa.

Alisimamisha mkono papo hapo, kama inavyotakiwa. Honi hakupiga. Alikuwa amekodoa macho mtaroni, mikono imeganda kwenye vishikio. Mtu wa ishara alilitoa sanamu, akakagua, akampungia aendelee. Hakuendelea. Mashine ilinguruma mahali pamoja huku saa mkononi mwa mtahini ikihesabu, na Bi Sentimita hakuongeza wala hakupunguza hata sekunde moja. Muda ulipokwisha aliandika: *ameshindwa.* Aliliandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Raha aliyoisikia kifuani ilikuwa chungu na tamu kwa pamoja, na hakuionea haya.

Saa nane mchana mtu yule akagonga mlango wa ofisi, kofia ngumu mkononi.

"Ile sweta," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Ilifumwa na mama yangu."

Akatafuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Maneno yakaanza kumtoka bila mpangilio: kwamba foromani ndiye aliyempanga aseme vile, kwamba alikuwa na watoto wadogo, kwamba angefungwa, kwamba marehemu alikuwa amekwisha kufa na kusema kweli kusingemfufua. Bi Sentimita alimwacha amalize. Kisha akamwambia kuwa siku ile naye alikuwa chumbani, kwenye kona, na kwamba ripoti ile aliichapa yeye.

"Wewe dada yake," akasema Dakika Mbili taratibu, "na ulinyamaza?"

Swali lilimchoma kuliko alivyotarajia.

"Nilinyamaza. Ndiyo maana sasa sinyamazi. Mama yangu mpaka leo akipita, watu humwambia pole ya kuzaa mlevi. Kanuni inakupa mtihani wa marudio baada ya siku kumi na nne. Ukitaka mtahini mwingine, nitakuandikia leo hii. Cheti chako sikiwekei sharti lolote. Lakini jina la mdogo wangu unalo wewe, na nitakufuata nalo kila kazi utakayokwenda, mpaka ulirudishe."

Dakika Mbili alitoka bila kuaga.

Siku ya tisa alirudi. Alikuwa na barua ya kurasa mbili, aliyoiapia na kuitia sahihi mbele ya wakili, inayoeleza miguu ya mashine, haraka yake, na uongo wa ulevi. Nakala moja ameshaipeleka kwa mkandarasi na nyingine kwa ofisi ya kazi. Bi Sentimita aliisoma akiwa amesimama, akampeleka nyumbani.

Mama mtu alikuwa barazani akichambua mchele. Macho yake yalikuwa yamefifia, ikabidi binti amsomee. Aliposikia neno *hakuwa amekunywa*, mikono ikasimama juu ya ungo. Dakika Mbili akapiga magoti.

"Mama, nimekuja kuomba—"

"Hukuja kuomba, mwanangu. Umekuja kusema. Sema kwa mdomo wako, maana karatasi sioni."

Akasema, sauti ikimkatika. Majirani wawili walikuwa wamesimama uani na ndoo zao za maji, wakasikia kila kitu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa nenda." Mkono aliounyoosha mgeni haukupokewa. Mama alirudi kwenye mchele wake.

Mtihani wa marudio aliufanya chini ya mtahini mwingine, akafaulu kwa alama za juu. Lakini njia ya mwongo fupi. Barua ilikuwa imeshazunguka, na kila mkandarasi aliyemwomba kazi alikuwa ameisoma au ameisikia. Cheti anacho, mashine hapewi. Foromani naye aliitwa kuhojiwa, akaondolewa kazini.

Mkuu wa chuo, ambaye alikuja kusikia habari ya sweta, alimpa Bi Sentimita onyo la maandishi na kumuuliza kama hamwonei huruma mtu yule, mwenye familia, aliyekuja mwenyewe kutubu. Bi Sentimita alitia sahihi onyo lake. Alisema onyo ni haki yake, kwani kwenye sweta alikosea. Huruma akasema hana, na kwamba asingependa kudanganya.

Jioni ile alimkuta mama yake dukani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miaka, amekaa kwenye benchi na wanawake wenzake, akiwasimulia jinsi mwanawe alivyokuwa hodari wa kuunga mabomba.