Moyo wa Shangazi Chini ya Taa

Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi, na ukungu ulikuwa umeshuka chini kiasi kwamba kutoka getini sikuliona paa la zizi. Nilisali huku nikitembea, kama ilivyo kawaida yangu, lakini siku hiyo sikuimaliza sala. Ilikuwa zamu ya Shangazi.

Shangazi alikuwa kondoo. Jina alipewa na mume wangu, kwa sababu, alisema, alikuwa na uso wa shangazi aliyekuja kukutembelea na hajaridhika na chochote.

Mume wangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Fundi. Mwaka jana moyo ulimshika akiwa kazini, juu ya ngazi, na tangu hapo hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Hospitali ilimwambia mishipa imeziba, anahitaji kupasuliwa kifua. Ilimwambia pia, bila kumficha, kwamba wengine hawaamki. Mara mbili alipewa nafasi na mara mbili akaikwepa. Ya tatu ilikuwa Alhamisi hiyo. Daktari wa hospitali alisema hakutakuwa na ya nne, maana moyo wenyewe hautastahimili kungoja.

Yeye alikuwa anangoja kondoo.

Kituo ninachofanyia kazi kinajaribu tiba ya moyo. Kondoo hulazwa usingizi, mshipa mmoja wa moyo hufungwa kwa uzi, na sehemu ya nyama ya moyo hufa, kama ilivyotokea kwa Fundi. Baadaye baadhi yao huchomwa sindano ya seli shina, yaani seli changa ambazo madaktari wanazilea ziwe nyama mpya ya moyo. Wengine huchomwa maji ya chumvi tu. Sisi wahudumu hatuambiwi nani kapata nini, ili tusije tukampendelea mmoja kwa jicho au kwa majani. Mwishoni wote huuawa, wazima na wagonjwa, kwa sababu moyo hauwezi kuchunguzwa ukiwa bado ndani.

Nyumba yetu imepakana na kituo, na jioni Fundi alikuwa akija kwa mwendo wa kobe, akipumzika kila hatua chache, na kushika waya wa uzio. Alimwona Shangazi alipokuwa amelala tu, hataki hata maji. Kisha akamwona anasimama. Kisha akamwona anawapiga wenzake kumbo na kukimbilia hori la majani.

"Unamwona?" aliniambia. "Huyo kapata dawa. Nami nitaingoja dawa hiyo hiyo. Mimi ndiye mpasua mbao, mama, sipasuliwi."

"Hakuna anayejua alichopata," nilimwambia. "Hata daktari wetu wa kituo hajui bado."

"Wewe unajua kulisha. Mimi kazi iliyokaa sawa naijua nikiiona."

Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa ameketi kitandani kunisubiri nivae viatu. "Leo watamfungua," alisema. "Wakishauona moyo wake mtanyamaza wote, wewe na kaka yangu na hao wa hospitali."

Kituoni tuna utaratibu wetu. Aliyemlisha mnyama ndiye anayemshika kichwa siku ya mwisho. Mnyama akishikwa na mgeni huogopa, na woga huuharibu moyo ambao daktari anataka kuusoma. Kwa hiyo nilivaa aproni safi nikaingia.

Mwenzangu wa usafi, tunayemwita Bwana Ndoo kwa kuwa hajawahi kuonekana bila ndoo, alikuwa amesimama mlangoni.

"Usimtazame machoni, dada," alininong'oneza. "Mtazame sikio."

"Kwa nini sikio?"

"Sikio halikuulizi kitu."

Nilimshika. Mkono mmoja chini ya taya, mwingine nyuma ya masikio, paji lake likiegemea tumbo langu. Alinusa mfuko wa aproni, ambamo huwa naweka punje za mahindi, na ulikuwa mtupu. Nikasema kimoyomoyo: Ee Mungu, huyu alikuwa wako kabla hajawa wetu, mpokee, na mume wangu umhurumie. Daktari akachoma sindano. Uzito wake ukanijia polepole, kama mtoto anayesinzia mgongoni.

Baadaye daktari aliniruhusu nibaki chumbani. Mioyo hukatwa vipande kama mkate, kisha taa zote huzimwa na kuwashwa taa moja ya rangi ya samawati. Seli zile zimetiwa alama. Chini ya taa hiyo hung'aa kijani.

Alianza na moyo wa kondoo aliyeanguka ghafla karibu na hori wiki iliyotangulia, akafa majani yakiwa mdomoni. Ulijaa vitone vya kijani, vimesongamana kama taa za mji unaotazamwa kutoka mlimani. Sikupenda nilichokiona.

Kisha akaweka moyo wa Shangazi. Giza.

"Geuza upande wa pili," nikasema, nikasahau kuwa si kazi yangu kumwambia.

Daktari hakukasirika. Aligeuza kipande baada ya kipande, vyote hadi cha mwisho. Giza tupu.

"Huyu alipata maji ya chumvi," alisema.

"Lakini alikimbia, daktari."

"Uzi ulifunga mshipa mdogo kuliko tulivyodhani. Aliumia kidogo, akapona mwenyewe."

"Na huyu aliyekufa?"

"Seli zilishika. Zilishika vizuri sana. Ila zilikuwa zinapiga kwa mwendo wao, na siku moja moyo wote ukaufuata." Akawasha taa, akavua glavu. Alikuwa amemwona Fundi kwenye uzio mara nyingi. "Tutajaribu tena. Labda wajukuu zako watakuja kutibiwa hivi. Mwambie mumeo asitungoje, mama. Nakuomba."

Nje Bwana Ndoo alinifuata. "Usimwambie leo. Mwache ale kwanza."

"Akishiba ndiyo itauma kidogo?"

Akachukua ndoo yake.

Nyumbani nilimkuta shemeji, kaka mkubwa wa Fundi, ameketi ukingoni mwa kiti bila kuvua koti. Binti yetu alikuwa anachochea uji. Ilionekana walikuwa wamebishana na kuchoka.

"Haya, mwenye habari kaja," Fundi alisema. "Waambie. Walikuta nyama mpya, siyo?"

Niliwaambia kama nilivyoona, kipande kwa kipande. Sikupunguza. Uji ulianza kuungua na hakuna aliyeuondoa.

Fundi alicheka, kicheko kilichogeuka kikohozi. "Maji ya chumvi! Yako hapo jikoni, na mimi nimesimama kwenye uzio miezi yote hii."

"Baba, usicheke, utachoka," binti alisema.

Fundi alijifuta mdomo kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Alipata taabu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Ulimshika wewe?"

"Mimi."

"Ulimshikaje?"

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikaweka mkono mmoja chini ya taya lake, lenye ndevu ngumu, na mwingine nyuma ya masikio. Kichwa chake kikaniegemea. Kilikuwa kizito na chenye joto, na nilisikia pumzi ikikwaruza kifuani.

"Naogopa, mama," alisema taratibu. Hakuwa amewahi kunitamkia neno hilo. "Alhamisi nitakwenda. Lakini na wewe uniahidi kitu, na useme kwa sauti, hawa wasikie."

Shemeji alisimama, akavua kofia. Binti aliepua sufuria, akaja kusimama nyuma yangu.

"Mbele ya binti yetu," nikasema, "na mbele ya shemeji, na Mungu akisikia, nitakushika hivi hivi mpaka dawa ikulaze. Wakinizuia mlangoni, nitakushika mpaka mlangoni. Na ukitoka mle ndani, vyovyote utakavyotoka, mkono wa kwanza kukugusa utakuwa wangu."