Kozi ya Sajini, Mtihani wa Fito

Habari yenyewe Fito aliisikia kwa karani wa kikosi, tena getini, akiwa na mfuko wa nyanya mkononi na daftari la hesabu za pembe kwapani.

"Hongera, bwana," karani alimwambia, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Muda si mrefu tutakuwa tunampigia mkeo saluti."

Fito alitabasamu kama mtu anayejua linalosemwa, akashukuru, akapita. Hatua ishirini mbele tabasamu likamwisha. Hakuwa na habari ya saluti yoyote.

Jina la Fito alilipata kazini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mshika fito wa wapima ardhi. Wao walichungulia kwenye darubini kivulini, yeye alisimama kule mbali juani, ameshika ufito wa rangi nyekundu na nyeupe, wima, asitikisike hata nzi akimtua puani. Alisimama hivyo mpaka akaanza kujiuliza kwa nini naye asichungulie. Mkewe, sajini wa mawasiliano jeshini, ndiye aliyemwambia aache kujiuliza, akaombe chuo. Aliomba, akapata, na sasa alikuwa anaingia mwaka wa tatu, wa mwisho, mwanafunzi mwenye mvi mbili kidevuni kati ya wenzake waliokuwa bado wanafuga ndevu za kwanza.

Walikuwa wamekubaliana wapeane zamu. Mmoja akiwa masomoni, mwingine anashika nyumba. Kwa ajili hiyo Sajini (hata nyumbani Fito alimwita hivyo, utani uliokwisha kuwa mazoea) aliacha kozi ya maofisa impite mwaka wa kwanza, ikampita na wa pili. Alisema ataisubiri.

Alimkuta uani anaanua nguo, bado amevaa suruali ya kazini na ndala.

"Karani amenipa hongera," Fito alisema.

Sajini aliendelea kukunja shati la mtoto. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Barua ilikuja siku nne zilizopita," alisema mwishowe. "Nimeshaandika ya kukataa. Kesho naipeleka."

"Kwa hiyo umeniamulia."

"Nimeamua langu."

"Siku nne tunalala kitanda kimoja, Sajini. Siku nne unaniuliza kama chumvi imetosha."

"Ningekwambia ungefanya nini? Kozi ni miezi tisa. Miezi tisa hiyohiyo ndiyo yako ya mwisho. Chuo kinabadilisha mtaala, asiyemaliza mwaka huu anarudi mwaka wa kwanza. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Na wewe mwakani umri unakupita. Hilo hukuniambia, nimelihesabu mwenyewe."

Sajini aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mwanamke wa kunyoosha mgongo hata akiwa amechoka, lakini sasa aliinamisha kichwa, na Fito akaona kwamba hasira aliyotoka nayo getini haikuwa na pa kutua. Hakuwa amefichwa siri ya ubaya. Alikuwa amefichwa zawadi ambayo hakuiomba, na iliyomuuma kuliko siri.

"Sitaki cheti nitakachokipata kwa kukutoa wewe sadaka," alisema. "Kila nikikitazama ukutani nitaona barua yako ya kukataa. Ngoja niosheoshe nyanya, halafu tukae."

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya kambini, na meza ilikuwa moja tu, ya kulia na ya kuchorea. Baada ya kula Fito aliifuta, akaleta ramani moja kubwa iliyoharibika kwa wino, akaigeuza upande mweupe. Akapiga mistari kwa rula: miezi tisa, wiki thelathini na tisa, kila wiki na kisanduku chake. Binti yao wa miaka mitano, waliyemwita Kiduchu, alipewa kalamu ya kijani na kazi ya kupaka visanduku vilivyopata mtu.

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Asubuhi mtoto yuko shule ya awali, hapo hakuna neno. Mchana fundi cherehani wa nyumba ya pili alikubali, kupitia ukutani, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na mazungumzo yote alikuwa anayasikia. Jioni Fito atakuwepo, atasoma mtoto akishalala. Kijani kilienea. Kisha wakafika kwenye wiki sita za mradi wa mwisho, ambapo wanafunzi wa upimaji hupiga kambi porini, safari ya nusu siku kwa basi, na hawarudi mpaka kazi iishe. Visanduku sita vikabaki vyeupe. Mama yake Fito alikuwa ameshafariki, na mama yake Sajini pia. Fundi cherehani alinyamaza huko kwake, na kimya chake kilieleweka.

"Yuko Baba," Sajini alisema kwa sauti ndogo.

Fito aliweka rula chini. Baba mkwe alikuwa koplo mstaafu, aliyetumikia jeshi miaka ishirini na mitatu. Siku ya kwanza walipokutana alimuuliza Fito anafanya kazi gani, na Fito akajibu kwamba anashika fito. "Halafu?" mzee aliuliza. Hakukuwa na halafu. "Hiyo si kazi," mzee alisema, "huko ni kusimama." Toka hapo walisalimiana kwa adabu na kuagana mapema.

"Nitamwomba mimi," Sajini alisema.

"Hapana. Wiki sita ni zangu. Nitakwenda mwenyewe."

Alikwenda Jumamosi. Alimkuta mzee anakata uzio wa michongoma kwa mkasi, na uzio ulikuwa umenyooka kiasi kwamba Fito, kwa jicho la kazi, hakuona pa kuurekebisha. Alieleza shida yake akiwa amesimama.

"Mwanangu ndiye aliyekutuma?" mzee aliuliza.

"Hapana, Baba. Nimejituma."

"Wiki sita."

"Siku arobaini na mbili, Baba."

"Mtoto anakula nini?"

"Kila kitu, isipokuwa vitunguu."

"Atakula vitunguu."

"Nitamwambia, Baba."

"Usimwambie. Nitamwambia mimi." Mzee alikata tawi moja, akalitazama, akalitupa. "Wewe unajua kwa nini nilistaafu na ukoplo?"

Fito alisema hajui.

"Niliitwa kozi ya usajini. Huyo mkeo alikuwa na miezi mitatu, mama yake hoi kitandani, na mimi sikuwa na mtu wa kumwachia nyumba. Sikuomba mtu. Niliona aibu, mwanamume mzima kwenda kuomba mlezi. Nikakataa kozi, na hawakuniita tena." Alifunga mkasi. "Wewe umekuja kuomba. Keti, unaniziba jua."

Barua ya kukataa haikupelekwa. Sajini aliondoka na begi moja la kijani, na Kiduchu akampigia saluti kwa mkono wa kushoto.

Miezi ya kwanza Fito aliipita kwa kubanana nayo. Alijifunza kusuka nywele mistari miwili, wa tatu ukamshinda. Alikariri kanuni za hesabu huku anasonga uji, na mara moja uji uliungua mpaka fundi cherehani akabisha hodi akidhani ni moto. Simu ya Sajini ilikuja kila Jumapili mchana. Alikuwa mkubwa kuliko wote kwenye kozi, na wenzake walimwita Shangazi. Kubeba mzigo kilomita thelathini aliweza, amri aliweza, silaha aliweza. Kilichomtoa jasho kilikuwa ramani za ardhi.

"Nimeanguka jaribio la kwanza," alisema Jumapili moja, na sauti yake haikuwa na utani. "Nikianguka la pili narudishwa kikosini. Nikiitazama ile mistari ya vilima naona nyuzi zilizochanganyika tu."

"Una kalamu hapo?" Fito aliuliza.

Basi kwa Jumapili tano simu zao za mapenzi zikawa darasa. Mistari ikikaribiana, mlima unasimama. Ikiachana, ardhi imelala. Alimwambia akunje ngumi, achore duara kwenye kila kifundo cha kidole, kisha afungue kiganja polepole atazame maduara yanavyolala. Jumapili ya sita Sajini alipiga simu mapema kuliko kawaida. Jaribio la pili alikuwa wa kwanza kwa kozi nzima, na mkufunzi alimuuliza amefundishwa na nani. "Nikamwambia, na mume wangu. Akauliza ni ofisa wa kikosi gani. Nikasema ni mwanafunzi."

Zilipofika zile wiki sita, mzee aliwasili na sanduku la bati na filimbi. Filimbi ililia saa kumi na mbili kamili ya asubuhi, na Kiduchu, ambaye kwa baba yake alihitaji kubembelezwa nusu saa, alisimama kando ya kitanda kabla mlio haujakatika. Fito akapanda basi.

Kazi aliyopewa porini ilikuwa kupima eneo kubwa la shule mpya. Alitakiwa aanze kwenye jiwe la mpaka la zamani, azunguke eneo lote, afungie kwenye jiwe lingine la zamani, na hesabu zikubaliane. Hazikukubaliana. Zilitofautiana kwa zaidi ya nusu mita, na katika upimaji nusu mita ni aibu ya kukuvua nguo. Alirudia, ikawa vilevile. Alibadilisha darubini, akarudia mara ya tatu, ikawa vilevile hadi kwenye sentimita. Wiki ya tano ilikuwa inakwisha.

"Kaka, pika tu hizo namba," mwanafunzi mwenzake alimshauri. "Gawanya kosa kidogo kidogo kila kona, nani atajua?"

Fito alikaa na wazo hilo mchana mmoja. Aliwaza visanduku sita vya kijani, mzee na filimbi yake, Sajini na mzigo wake mgongoni. Kisha akawaza kwamba kosa linalorudi lilelile mara tatu si la mkono wake. Mkono ukikosea, hukosea kila mara kivyake. Alitembea mpaka kwenye lile jiwe la mwisho, akachuchumaa mbele yake.

Alilijua jiwe lile. Miaka tisa nyuma alisimama juu yake na ufito tangu asubuhi hadi adhuhuri, na alikumbuka kuwa kutoka pale aliuona mnara wa maji wote, toka miguu mpaka tanki. Sasa miguu ya mnara ilifichwa na paa la ghala kuukuu lililokuwepo hata wakati ule. Saruji ya jiwe nayo ilikuwa nyeupe mno kwa umri wake. Hatua moja kando palikuwa na mtaro wa maji ya mvua ambao enzi zile haukuwepo. Waliochimba mtaro walilikuta jiwe njiani, wakaling'oa, wakalipanda pembeni kwa nia njema kabisa.

Kumbukumbu si ushahidi, hilo alilijua. Kwa siku tatu alipima upya akitokea mawe mengine mawili ya mbali, alfajiri hadi jioni, akiwa amechomwa na jua mpaka masikioni. Mawe mawili yalikubaliana na kazi yake kwa upana wa ukucha. Lililodanganya lilikuwa lile moja. Aliandika yote katika ripoti, pamoja na mchoro wa mahali jiwe lilipopaswa kuwa.

Mbele ya watahini, mkuu wao, mpima mzee mwenye miwani minene, alifungua ukurasa huo, akausoma mara mbili.

"Jiwe hili tumelitumia kufundishia miaka minne," alisema. "Unataka kutuambia wanafunzi wote walikosea isipokuwa wewe?"

"Nataka kusema walisawazisha namba, mheshimiwa," Fito alijibu. "Vipimo viko ukurasa wa kumi na nane. Mnaweza kwenda na darubini leo hii."

Walikwenda kesho yake. Fito hakuitwa kufuatana nao. Alifunga begi akarudi nyumbani, akamkuta binti yake anakula vitunguu bila kulalamika.

Paredi ya kuhitimu ilikuwa wiki mbili baadaye. Walisafiri watatu, na njiani Fito aliteremka chuoni dakika chache kutazama ubao wa matokeo, huku mzee akimzuia dereva wa basi kwa ukali wa kijeshi. Fito alirudi kitini, akamnong'oneza mzee sikioni.  Mzee akachukua begi la Fito lililokuwa miguuni pake, akalipakata yeye, na hakulitoa mpaka walipofika.

Uwanjani Sajini alipita mstari wa mbele, mwembamba kuliko alivyoondoka, mabega yamebeba nyota mpya. Kiduchu alikuwa juu ya mabega ya baba yake, akionyesha kwa kidole, akimwambia kila aliyekuwa karibu kwamba yule ni wa kwao.

Baada ya kutawanyika, Sajini, ambaye sasa alikuwa luteni, alikuja upande wao kwa hatua za haraka. Alikuwa anataka kumkumbatia baba yake. Mzee alimzuia kwa kiganja. Alivuta koti lake kuukuu likanyooka, akaweka visigino pamoja, akainua mkono wa kulia hadi pembeni ya kofia. Koplo alimpigia ofisa saluti. Na binti yake, macho yamemjaa maji, aliirudisha saluti ile kwa utaratibu wake wote, akahesabu muda wake, akashusha mkono. Hapo ndipo mzee alipofungua mikono.

Fito alisubiri zamu yake. Ilipofika, mkewe alimshika kola ya shati.

"Matokeo?"

"Paredi yako kwanza."

"Paredi imekwisha. Matokeo."

"Nimefaulu. Walikwenda wakapima, jiwe limeng'olewa, watalirudisha mahali nilipochora." Alijaribu kuizuia furaha isimpasue mashavu, ikamshinda. "Nimekuwa wa pili kwa chuo kizima."

"Wa kwanza ni nani?"

"Msichana mmoja. Hana mtoto, hana mume, hana baba mkwe."

Luteni alicheka. Alicheka kicheko cha nyumbani, kikubwa, kile kilichokuwa kikimwamsha fundi cherehani upande wa pili wa ukuta, na Fito akacheka naye, mpaka maofisa wawili waliokuwa wanapita na vitabu vyao wakageuka kuona ni nani anayefanya kelele kwenye uwanja wa paredi.