Ukoko wa Sikukuu ya Mkwe

Kakoli alikwangua sufuria kwa mwiko mpaka ukoko wote ukabanduka. Pembeni ulikuwa mweusi, katikati kahawia, mgumu kama kigae. Akaupanga kwenye sahani kubwa ya shaba, ile ambayo mama yake huitoa sandukuni siku moja tu katika mwaka, siku mkwe anapokuja kulishwa.

Mama yake, Binapani, akasimama mlangoni pa jiko. Sari yake mpya ilikuwa imeshalowa jasho.

"Hiyo sahani ya nani?"

"Ya mkweo."

"Wewe mtoto, unataka kuniua leo?"

"Kila kitu kipo, mama. Samaki wa haradali yupo, kichwa kimeiva na dengu, mtindi umeganda. Nimefunika. Ila niachie mimi nimpakulie."

Binapani akajifuta jasho kwa ncha ya sari, akampisha. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyeambiwa yaliyompata Kakoli.

Kwa kina Nirmalya, mumewe, kule Howrah, mke alikula mwisho. Hilo Kakoli hakulilalamikia. Hata mama yake alikula mwisho. Lakini kule mama mkwe alikuwa akipakua wali mwenyewe, akaficha uliobaki, akamwachia mke wa mwanawe ukoko, mkia wa samaki na maji ya dengu. Tumbo lilipoanza kuonekana, sahani haikubadilika. Nirmalya alikaa hapo hapo mezani akivunja kichwa cha samaki, akiiona ile sahani kila siku. Alichosema ni kwamba chumvi imepungua. Mimba ikatoka. Mama mkwe akasema mungu wa kike Shashthi, anayelinda watoto, hawapi watoto wanawake walafi.

Kakoli alirudi kwao Katwa wakati wa baridi. Baba yake aliambiwa ni homa. Sasa homa imekwisha, na baba alikwishamwahidi Nirmalya kwenye simu: njoo sikukuu ya mkwe, siku ya Shashthi, ule, jioni uondoke na mkeo kwa treni. Mara nyingi Kakoli alijaribu kumweleza baba. Akisimama mbele yake aliishia kuuliza kama anataka chai.

Barazani, Nirmalya alikuwa amekunja miguu juu ya mkeka, uzi wa manjano wa baraka mkononi. Alileta samaki wa kwanza wa msimu na alikuwa ameshaeleza mara kadhaa jinsi alivyogombaniwa sokoni. Baba, Shibnath, alikaa kwenye kiti chake. Shangazi Khuku alikuwa kizingitini na tambuu shavuni.

"Mama, lete basi," Shibnath akamwita binti yake. "Mwenzio ametoka mbali."

Kakoli akaweka sahani chini, ncha ya sari ikiwa imemfunika mpaka kwenye nyusi. Akafunua sahani.

Ukoko. Mkia wa samaki, mwembamba, miiba mitupu. Bakuli la maji ya manjano.

Watu wakaiinamia. Kisha Shangazi Khuku akaangua kicheko, nusura ateme tambuu.

"Wamempata! Jamani wamempata! Mume wangu, mwaka wake wa kwanza, tulimpa kitamutamu cha maziwa, ndani tumejaza pamba. Alitafuna mpaka masharubu yakawa meupe!"

Shibnath naye akacheka. Kumtania mkwe siku hiyo ni sehemu ya karamu, na mkwe asiyejua kutaniwa husemwa mwaka mzima. Nirmalya akapiga paja.

"Kumbe mke wangu anajua utani! Kwetu alikuwa bubu."

"Usituletee maneno, kula tukuone," Shangazi akasema. "Au meno ya mjini hayawezi?"

"Shangazi, mimi? Nakula mpaka sahani!"

Akala. Alifanya makusudi, akifumba macho na kunyonya vidole. "Aah! Tamu kushinda chakula cha mama!" Ukoko ulilia katikati ya meno yake. Kakoli alisimama kando ya nguzo akiangalia kila tonge. Alidhani ataona haya, lakini hakuona. Alitamani ukoko ule umkwaruze kaakaa kama ulivyokuwa ukimkwaruza yeye. Nirmalya alipokunywa yale maji ya dengu na kukunja uso, Kakoli alihisi kitu kitamu kikishuka kwenye koo lake mwenyewe.

"Haya, nimemaliza," Nirmalya akasema, akionyesha sahani tupu. "Sasa leteni kichwa cha samaki. Harufu yake naisikia tangu nilipoingia."

Kakoli akaja na birika na beseni. Nirmalya alikuwa amezoea kumiminiwa maji, akanyoosha mkono kabla hajafikiri. Maji yakamwagika, mkono ukawa safi.

"Mbona unaninawisha?"

"Umeshakula."

"Utani una mwisho wake, bwana."

"Umeshiba?"

Mumewe akageukia mlango wa jiko. Kakoli akasema, "Nirmalya."

Shangazi Khuku akauma ulimi kwa aibu. Mke hatamki jina la mumewe, na huyu hakuwa amelitamka hata siku moja.

"Nirmalya, hicho ndicho nilichokuwa nakula kwenu. Kila siku, na mtoto tumboni. Wewe unanitazama, kichwa cha samaki mkononi. Leo umekula mara moja tu, tena ukicheka."

"Mtoto gani?" Shibnath akauliza.

"Baba, haya mambo ya jikoni ni ya wanawake," Nirmalya akaanza, "mimi sina..."

"Nimeuliza mtoto gani."

"Mjukuu wako," Binapani akasema kutoka mlangoni pa jiko. "Tulikuficha."

Shibnath akaitazama ile sahani muda mrefu. Ni mtu anayelia hata kwenye harusi za majirani, lakini sasa macho yake yalikuwa makavu.

"Treni ya jioni utapanda peke yako," akamwambia mkwe wake. "Mwambie mama yako Kakoli harudi."

"Watu watasema nini, baba?" Nirmalya akauliza.

"Watasema ulipewa ukoko ukaramba vidole," Shangazi Khuku akadakia. "Mimi mwenyewe nitawaambia. Naanza na nyumba ya kona."

Nirmalya akaukata uzi wa manjano kwa meno, akautupa, akashuka uani.

Kakoli akakaa pale pale mkekani, bado pana joto la mumewe. "Mama, nipakulie." Binapani akaleta kile kichwa kizima na wali mweupe unaofuka moshi. Kakoli akajigeuza aelekee uani ili harufu ifike huko, akaanza na shavu, polepole.

Nirmalya alikuwa akizunguka uani akitafuta kiatu chake kimoja. Kakoli alikuwa amekiona: kilikuwa nyuma ya pipa la maji, mbwa wa jirani amekilalia. Akanyonya jicho la samaki, akamwacha aendelee kutafuta.