Nesi Asiye na Kosa

Mutindi hakuwa na glavu. Hakuwa na friji nzima ya chanjo, wala kiti chenye miguu yote minne, wala mjomba wizarani. Zaidi ya hayo, hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililomponza.

Miaka hiyo ya themanini alikuwa nesi wa zahanati moja upande wa Kathonzweni. Mama yake aliishi mbali, huko Kasikeu, amepooza, akilishwa na majirani waliokwisha kuchoka. Mutindi aliandika maombi ya uhamisho hadi mkono ukauma, na hakuna aliyeyasoma. Mwishowe akaenda mwenyewe wilayani kwa Bwana Nzomo, afisa wa wafanyakazi, mtu wa tai pana na meza pana zaidi.

"Sista, umefanya kosa gani?" Nzomo akauliza.

"Sijafanya kosa, bwana."

"Umeiba dawa?"

"Hapana."

"Umemtukana mkubwa wako?"

"Bado."

"Basi nikuhamishe kwa nini? Uhamisho ni adhabu, mama. Mfanyakazi mzuri tunamwacha alipo."

"Nesi mwenzangu Nzioka alilewa akalala kwenye kitanda cha kuzalishia, mkampeleka Kasikeu."

"Na akakoma," Nzomo akasema kwa fahari. "Lakini wewe tunakupenda. Endelea hivyo hivyo."

Akamshika mkono, akamfungulia mlango. Mutindi akarudi Kathonzweni na sifa tele, ambazo hazingempikia mama yake hata uji.

Kesho yake, wagonjwa walipokwisha, akaketi kuandika. Msaidizi wake, Mbinya, akasoma juu ya bega lake. Barua ilimweleza Bwana Nzomo kwamba ng'ombe wa wilaya hii wanatunzwa kuliko manesi, kwa sababu ng'ombe hutembelewa angalau wakati wa chanjo. Ikamwomba amtupe popote apendapo, ila asimpeleke Kasikeu, mahali asipopaweza kabisa.

"Sista, watakufuta kazi," Mbinya akasema.

"Wakinifuta, nitakwenda kwa mama. Wakiniadhibu, nitakwenda kwa mama na mshahara."

"Na wakikusamehe?"

Kalamu ikasimama. Kwa ofisi ile, hilo liliwezekana kabisa.

Mutindi akafikiri kidogo, akaongeza mistari miwili kuhusu kichwa cha Bwana Nzomo na upepo unaopita ndani yake bila kizuizi. Akatia sahihi, jina lote. Kisha akailamba bahasha, akaifunga, akabandika stempu, akatembea hadi posta na kuitumbukiza sandukuni kabla moyo haujageuka.