Mzigo Usiokazwa Kamba

Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba, ingawa ulimi wake nao ulichoma. Asubuhi ile, akiwa na baba yake katika ofisi ya mkuu wa shule, ulimi ulikuwa umelala. Mezani zilikaa insha mbili: yake, na ya msichana wa shule nyingine. Shindano lilikuwa moja, "Maadili ya Familia Yetu", na mshindi angelipiwa ada mpaka amalize chuo. Sindano alishinda. Kisha wasahihishaji wakagundua kwamba insha mbili zina maneno yaleyale, wakampa mkuu mpaka adhuhuri awaambie mwizi ni nani.

Mkuu alisema asingehangaika na "umoja ni nguvu" wala "heshima si utumwa". Hayo hayana mwenyewe, kila mtoto huyaokota njiani. Lililomkosesha usingizi ni hili. Akasoma, kidole kikifuata mstari:

"Ukweli ni kama mzigo wa lori. Usipoukaza kamba nyumbani, utamwagika kwenye kona."

Akaziweka karatasi ubavu kwa ubavu. "Limo humu, limo na humu. Ulilinakili wapi, binti?"

Sindano akajibu kwamba hayo ni maneno ya baba, na baba huyu hapa, dereva wa lori miaka ishirini, aulizwe mwenyewe. Akirudi safari, kabla hajavua viatu, huwapanga watoto sebuleni na kuwahutubia, wadogo zake wakimwigiza kwa midomo nyuma ya kochi.

Akageuka kwa ushindi. Baba alikuwa ameishika ile insha nyingine, macho yameganda pale juu, jina linapoandikwa. Kijasho chembamba kilimtoka, na feni inazunguka.

"Kubali tu, mwanangu," akasema taratibu. "Omba msamaha, twende zetu."

"Nikubali nini, baba?"

"Kwamba ulinakili. Mtoto hukosea."

Sindano akamkazia macho. Huyu ndiye aliyewahi kumrudisha dukani na mvua yote ile, akarudishe peremende moja aliyozidishiwa. Leo anamtaka ajiite mwizi? Mkuu naye alikwisha kuvuta fomu ya kumwondoa mashindanoni, akafungua kalamu.

Sindano akaivuta ile karatasi. Baba hakuiachia mara moja. Walivutana kidogo, kama ndugu wanaogombea shuka. Jina la kwanza la msichana hakulijua. La pili lilikuwa lilelile analoandika yeye, la baba. Akateremka na mistari mbiombio: baba ni dereva, husafiri wiki mbili, hukaa nasi wiki mbili, kabla hajavua viatu hutupanga sebuleni.

Wiki mbili. Ndizo wiki mbili ambazo kina Sindano humngoja kwao.

Kalamu ya mkuu ilianza kuandika.

"Usiandike, Mwalimu." Sindano akaifunika fomu kwa kiganja. "Hakuna aliyenakili. Tumefundishwa na mtu mmoja."

Mkuu akamtazama dereva. Dereva akatazama sakafu, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Baba," Sindano akauliza, "ana umri gani?"

Mkuu akaiweka kalamu chini, na baba akajibu akiwa bado ameinama.

"Amekuzidi miezi minne."

Mkuu akaichana fomu, akatoa karatasi tupu, akaisogeza mbele ya dereva. "Andika hayohayo, mzee, kwamba wote wawili ni wanao, na sahihi chini. Wasahihishaji wanangoja."

Dereva akaandika polepole. Sindano akasimama nyuma yake, akisoma kila neno likitoka.