Altari Pale Kisimani

Kiapo chenyewe kiliapwa juu ya nyama ya nguruwe, na kosa la Pyo Jong-taek ni kwamba alikuwa wa kwanza kuinua glasi.

Walikuwa wanane mezani, chama kizima cha Kituo cha Mwisho, kwenye mgahawa wa nyama choma karibu na soko la Yukgeori, Jumapili mchana. Ukiwaona usingedhani ni watu wa michezo ya kompyuta. Mdogo wao ana miaka arobaini na tisa na magoti mabovu. Kwa miaka kumi na minne walipigana bega kwa bega na mazimwi ya Bonde la Korongo, mpaka mwezi wa Aprili kampuni ilipoufunga mchezo kwa kukosa wachezaji. Sasa kampuni ile ile inatangaza Bonde jipya. Ila anayetaka kuingia wiki moja kabla ya wenzake, mchezo ukiwa bado kwenye majaribio, alipe won elfu hamsini na tano.

"Hamsini na tano!" Bi Tak Mi-gyeong, mkuu wa chama, alikuwa anaigeuza nyama kwa koleo kana kwamba ndiyo kampuni yenyewe. Bi Tak ana duka la dobi na mdomo usio na breki. "Zamani walikuwa wanatubembeleza tuwajaribie. Tukiona hitilafu tunawaambia, wanashukuru, wanatupa na kofia. Leo nikawatafutie hitilafu zao, halafu niwalipe mimi? Mteja akija kuchungulia nguo yake haijakauka, nimtoze kwa kuwa ameiona mapema?"

"Dada, mtu na hela zake," alisema Gu Bon-cheol, dereva wa teksi, majani ya saladi yamemjaa mdomoni. "Mwingine raha yake ni kuonja kabla ya wenzake. Hajamwibia mtu."

"Kuonja si bure? Nenda hapo sokoni, muuza achari ya kimchi akutoze kwa kuonja, kama utarudi tena kwake."

"Hapo umenishika."

"Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na tukilipa mara hii, mara ijayo watatuuzia mpaka mlango. Nani yuko nami?"

Ndipo Jong-taek akainua glasi. Na kama hiyo haitoshi, mtu mzima akaongeza chumvi: "Atakayelipa asikae tena kwenye meza hii!" Wote wanane wakagonga glasi, wakanywa, wakaagiza nyama nyingine.

Maandishi madogo aliyasoma Jumanne. Yalisema wanaoingia mapema ndio watakaochagua majina kwanza. Jina moja, mtu mmoja, mchezo mzima. Majina ya zamani hayana mwenyewe tena, na atakayewahi ndiye mwenye nalo. Jong-taek aliyasoma mara tatu, akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena. Roho ikamruka.

Hakuwa na wasiwasi na jina lake. Lake lilikuwa Dereva Pyo 63, na dunia nzima hakuna mwingine wa kuligombania. Hofu yake ilikuwa Altari.

Altari ni figili ndogo yenye majani marefu, ile inayotiwa kwenye kimchi nzimanzima. Siku ambayo Jong-taek alimfungulia mkewe akaunti ya mchezo, Ma Sun-im alikuwa amechuchumaa jikoni, mikono imejaa pilipili mpaka kwenye viwiko. "Jina gani?" mume akauliza. "Weka lolote, huoni nina kazi?" Akaangalia beseni, akaandika alichokiona. Sun-im alipokuja kunawa na kukuta ameshaitwa figili, alimkata jicho. "Miaka ishirini na tano ya ndoa, na hilo ndilo ulilonipa?" Lakini hakulibadilisha. Miaka mingi baadaye hata muuza samaki alikuwa anamwita Altari, na yeye anaitika.

Siku hizo Jong-taek alikuwa anaendesha treni za mizigo. Akipumzika katika stesheni za mbali, aliingia mchezoni kwa dakika ishirini tu, na kila mara alimkuta mkewe ameketi pembeni ya kisima cha kijiji cha kwanza, anamsubiri. Hakuwa mpiganaji huyo. Alikuwa anakata majani, anauza, na bado anajigonga kwenye kuta kila akigeuka. Swali lake lilikuwa moja: "Umekula nini?" Na Jong-taek, hata kama alikuwa amekula mkate mkavu na hasira, alijibu kwamba ameshiba kabisa.

Sun-im alifariki majira ya baridi, mwaka juzi. Baada ya hapo mume alikuwa anaingia na akaunti zote mbili, anamketisha mkewe kisimani, anaketi kando yake. Haongei. Siku kampuni ilipouzima mchezo alikuwa hapo hapo, akatazama kisima kinatoweka, na Altari akatoweka nacho. Alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi, na haoni haya kulisema.

Kwa hiyo sasa kulikuwa na kiapo, na kulikuwa na Altari. Jumatano alimpigia simu binti yake, Se-rin, mfamasia huko Daejeon.

"Baba, ni figili," alisema Se-rin.

"Ni mama yako."

"Unajua huo mchezo sitaki hata kuusikia. Nilikuwa napiga simu nina shida zangu, mama ananiambia subiri mwanangu, tupo pangoni. Pangoni! Sasa wewe ukilitaka hilo jina, si ulipe?"

"Nimekula kiapo."

"Basi waambie wenzako."

"Nikiwaambia wataniruhusu."

"Si ndicho unachotaka?"

"Nisichokitaka ni kuruhusiwa kwa kuonewa huruma. Mimi ndiye niliyesema atakayelipa asikae mezani. Watu hawa, mwanangu, waliosha vyombo msiba mzima. Siku tatu. Unakumbuka?"

Se-rin alikumbuka. Alikumbuka pia lile shada kubwa mlangoni lililoandikwa "Kituo cha Mwisho", na shangazi zake waliodhani limeletwa na kampuni ya mabasi.

"Una kichwa kigumu kama behewa," akasema. "Wanafungua saa ngapi hiyo kesho?"

"Saa sita mchana."

"Basi kula kabla ya hapo. Usikae na njaa unakodolea macho kioo."

Hakula. Alhamisi saa sita kasoro dakika kumi alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta, ukurasa wa malipo umefunguka, kadi ya benki mkononi. Namba zote za kadi alizijaza. Kilichobaki ni kubonyeza. Akamfikiria mtu fulani asiyemjua, labda huko Busan, anaandika Altari kwa mzaha tu, kwa sababu amekula figili asubuhi. Kisha akaifikiria meza ya nyama, nyuso saba zikimtazama, na yeye anatafuna uongo pamoja na kitunguu saumu. Na Sun-im mwenyewe, aliyekata majani miezi minne apate viatu vya mle mchezoni kuliko kutoa hata won moja, angesemaje?

"Angenicheka," alisema kwa sauti, peke yake. Akaufunga ukurasa. Ahadi ni deni, na yeye hakuwa mtu wa kukimbia deni. Lakini roho ilimuuma, iliuma kwelikweli, na wiki nzima hakuthubutu kwenda kunywa chai na wenzake.

Alhamisi iliyofuata mlango ukafunguliwa kwa wote, bure. Chama kilikubaliana kuingia pamoja, kwenye duka la kukodi kompyuta la mtaani kwao Bi Tak. Wanane wakakaa mstari mmoja, vichwa vyenye mvi vikiwa na spika masikioni, na wanafunzi wa chuo waliokuwa nyuma yao wakawa wanawapiga picha kwa siri. Saa sita ikagonga. Jong-taek hakuandika jina lake. Aliandika Altari, akabonyeza.

Jina hili limeshachukuliwa.

Akaandika tena, polepole, labda amekosea herufi. Limeshachukuliwa. Akazivua spika, akaziweka mezani taratibu, akaweka mikono mapajani.

"Kaka Pyo, nini?" Bi Tak akageuka.

"Altari wamemchukua."

Halafu Gu Bon-cheol akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua.

"Kaka," akasema, macho kwenye sakafu. "Mimi... nililipa. Alhamisi ile. Niliegesha teksi kando ya barabara, abiria yumo ndani. Nilitaka nikuwekee. Nilipofika nikakuta limeshachukuliwa. Saa sita na dakika moja tu!"

"Ulilipa?" Bi Tak akasimama. "Wewe Bon-cheol, kiapo tumekula, glasi tumegonga, ukaenda uka..." Akasita. Uso ukamwiva. Akakaa tena. "Mimi nilifika saa sita na dakika mbili," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Dada!"

"Usiniite dada. Nilikuwa na pasi mkononi, nimeunguza shati la mwalimu mkuu."

Kutoka mwisho wa mstari mkono mmoja ukanyanyuka. Kisha wa pili. Kisha yote. Mmoja alilipa kwa simu ya mkewe, mwingine alikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno. Wote saba walikuwa wamelipa, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja alikaa wiki nzima na aibu mbili: ya kuvunja kiapo, na ya kulikosa jina. Kampuni ilikuwa imewavuna kama mpunga.

Jong-taek aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo," akasema, "kwenye chama hiki chote, mjinga aliyetunza kiapo ni mimi peke yangu?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakujua tena kama ni ya kicheko. Aliwapenda watu hawa, basi. Aliwapenda wote, na viapo vyao vibovu.

"Na msimamo wangu haujabadilika," alisema Bi Tak, anapangusa macho kwa mkono wa blauzi. "Kulipia mchezo usioiva ni upumbavu. Altari ni jambo jingine. Sasa twendeni tukamtafute huyo mwizi. Tutamwomba. Akikataa, tutamfuata kila aendako mpaka achoke."

Jong-taek akaingia kama Dereva Pyo 63. Bonde jipya lilikuwa na miti mizuri kuliko la zamani na hitilafu mara mbili. Kuku mmoja alikuwa anaelea hewani. Wakateremka hadi kijiji cha kwanza. Kisima kilikuwa pale pale.

Na pembeni ya kisima, uso wake umegusana na ukuta wa duka la mkate, alisimama mwanamke mmoja mwenye nguo za kuanzia, hana hata upanga. Miguu yake ilikuwa inatembea lakini haendi popote. Juu ya kichwa chake palikuwa na jina: Altari.

Vidole vya Bi Tak vikatangulia. "Ndugu mpendwa," akaandika, kwa adabu ambayo duka lake la dobi halijawahi kuiona, "tunaomba tuzungumze nawe juu ya jina lako."

Jibu likachelewa. Mwanamke akajigonga ukutani mara mbili zaidi.

"Baba yumo humo?"

Jong-taek akasogeza uso karibu na kioo.

"Baba, ni mimi," maneno yakaendelea, herufi moja moja. "Nilikuwa tayari tangu saa tatu asubuhi. Nilibonyeza saa sita kamili. Mimi sikula kiapo na mtu."

Kisha: "Imenichukua siku tatu kufika hapa kisimani. Nimeuawa na bata mara kumi na moja. Tangu Jumapili nimeukabili huu ukuta, sijui kugeuka."

Bon-cheol akapiga kelele ya furaha hadi wanafunzi wakaruka. Bi Tak alimpiga kofi la mgongo amnyamazishe, kisha akamshika bega Jong-taek na hakuliachia.

"Shikilia kitufe cha kulia cha kipanya," Jong-taek aliandika hatimaye, "halafu sogeza mkono polepole."

Altari akazunguka. Akazunguka kupita kiasi, akaukuta ukuta tena, akazunguka tena. Mwishowe akamwelekea. Sun-im naye alikuwa hivyo hivyo, Mungu amrehemu.

"Mama alikuwa anakaaje hapa?"

"Bonyeza X."

Altari akaketi. Jong-taek akaketi kando yake, na wale saba wakaketi kuwazunguka, wakati kuku anaelea juu yao.

"Halafu?" akauliza Se-rin. "Mlikuwa mnafanya nini?"

"Hatukuwa tunafanya kitu. Alikuwa ananiuliza tu."

Muda ukapita. Jong-taek alidhani binti ameondoka kwenda kuhudumia mgonjwa. Ndipo maneno yakatokea juu ya kichwa cha Altari.

"Umekula nini, Baba?"

Aliweka vidole tayari kuandika kwamba ameshiba kabisa. Vikakataa. "Tambi za kikombe," akaandika. "Siku ya nne leo. Na wakati ule wa treni nilikuwa namdanganya mama yako. Mara nyingi sikuwa nimekula."

"Najua," Se-rin aliandika. "Mama aliniambia. Ndiyo maana kila ulipokuwa unarudi, sahani yako peke yako ilijaa chakula cha watu wawili."