Wamoro wa Kukodi

Katika mji wetu wa Benimaruan, mashariki mwa Hispania, ukitaka kupendwa uwe Mmoro wa siku tatu. Ukiwa Mmoro wa mwaka mzima, shauri yako.

Kila mwaka tunafanya sikukuu ya Wamoro na Wakristo, Wamoro wakiwa ni Waislamu waliotawala hapa zamani. Nusu ya mji hujivika vilemba na hariri, hujipaka masizi usoni, huvuta sigara nene na kuiteka ngome ya mbao iliyosimamishwa uwanjani. Siku ya mwisho Wakristo huikomboa, Wamoro hufukuzwa, na wote huenda kula wali pamoja. Jambo la kuchekesha ni kwamba kila mtu anataka kuwa Mmoro, kwa sababu nguo zao ni nzuri zaidi. Hata ngamia hukodiwa. Marehemu baba yangu, Mimoun, alikuwa akisema, "Hawa wanawapenda Waislamu sana, Warda, ila wawe wa kukodi."

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya hapa, na nilizaliwa hapa. Kila mwaka nawaeleza watoto wao kwamba mifereji inayonywesha michungwa ya babu zao ilichimbwa na Waislamu, kwamba hata jina la mji huu ni la Kiarabu, na kwamba watu wale walikaa hapa karne nyingi kabla ya mfalme kuwafukuza na kuwapakia merikebuni. Watoto huandika vizuri kabisa. Halafu mmoja hunyoosha mkono na kuniuliza kwetu ni wapi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alipewa jembe siku ya kwanza. Alichuma machungwa ya mji huu mpaka mgongo ukapinda, na bado aliitwa mgeni. Yeye hakujali. Alijali jambo moja tu: azikwe hapa. Wenzake wa rika lake walikuwa wakilipa bima ya kusafirisha maiti kwenda Moroko. Baba akaikatisha yake. Alisema huko Nador alikozaliwa hakuna tena anayemjua isipokuwa kaka yake ambaye hawaelewani, na anataka kulala mahali ambapo mkewe anaweza kufika kwa miguu Ijumaa baada ya alasiri, amsomee Yasini na kumlalamikia kama kawaida yake.

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Makaburi ya mji ni kuta ndefu zenye vishimo, majeneza husukumwa ndani kama mikate kwenye tanuri. Sisi tunazika ardhini, maiti ameelekezwa kibla. Tuliomba kipande cha ardhi nyuma ya ukuta, kona iliyokuwa inaota magugu. Sheria ya nchi inaturuhusu. Imeandikwa tangu nikiwa msichana, na nakala nilimpelekea mwenyewe Batiste, diwani anayesimamia makaburi.

Batiste si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alinipokea kwa kahawa kila mara, akaniuliza hali ya Baba, kisha akanipiga danadana. Mara ardhi haitoshi. Mara uchaguzi umekaribia na watu wana hofu, si unajua mambo ya kwenye televisheni, Mwalimu. Mara kwa nini tusizikwe ukutani kama mama yake, mwanamke mtakatifu kabisa. Mara tungoje sikukuu ipite. Subira yavuta heri, nilijiambia, mpaka siku nilipopita pale nyuma ya ukuta nikakuta ile kona imejengwa ghala. Nilimuuliza mfanyakazi ni ghala la nini. Akanijibu bila haya kwamba ni la kuhifadhia ngome ya mbao na mavazi ya Wamoro.

Nilikwenda ofisini kwa Batiste nikiwa nimefura. Akanituliza, akasema ipo kona nyingine, na baada ya sikukuu ya mwaka huu ataleta hoja barazani. Nilipomsimulia Baba, alicheka hadi akakohoa. "Nguo zao zimepata pa kulala kabla yangu," akasema. Mimi sikucheka. Nilimwambia anakufa kwa mzaha. Akaniambia basi wewe kufa kwa hasira, tuone nani atatangulia.

Akatangulia yeye, kwa maradhi ya moyo, alfajiri ya siku ambayo Wamoro huingia mjini.

Ofisi zote zilikuwa zimefungwa mpaka sikukuu iishe. Simu ya Batiste iliita tu. Maiti wetu haachwi akingoja ngoma za watu, kwa hiyo kaka yangu Nordin akaupigia simu mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa mbili kwa gari, ambako Waislamu wana sehemu yao ya kuzikia. Wakakubali. Baba akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa katika msikiti wetu, ambao ni gereji ya zamani. Tatizo likawa gari la maiti. Barabara kuu ilifungwa kwa gwaride, nalo lilikuwa ng'ambo ya pili. Ilibidi jeneza libebwe mabegani na kuvukishwa katikati ya sikukuu.

Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Mimi na Mama tulilifuata.

Askari alituruhusu kupita katika pengo baina ya makundi mawili. Wanaume walikuwa katika kanzu zao za Ijumaa, jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, wanasema la ilaha illa Llah kwa sauti ya chini. Watu waliokaa kwenye viti kandoni walitutazama. Mmoja akapiga makofi. Wakafuata wengine. Kisha mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba kundi hili halimo katika orodha yake, lakini tazameni, mabibi na mabwana, tazameni uhalisia huu.

Wakasimama. Wakatupiga picha. Watoto walinyanyuliwa mabegani wapate kumwona baba yangu akipita.

Nilijitenga na msafara, nikamwendea mwanamke mmoja wa mstari wa mbele aliyekuwa anashangilia. Nikamwambia, "Yule ni maiti kweli. Ni baba yangu." Alinishika mkono, machozi yakimlengalenga, akaniambia nimeigiza vizuri kuliko wote.

Nilitaka kumpiga. Naomba Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga.

Kundi lililokuja nyuma yetu liliongozwa na jemadari wa Wamoro, kilemba kama tenga, uso mweusi kwa masizi, sigara mdomoni. Alikuwa Batiste. Aliniona, akaliona jeneza, akaitoa ile sigara. Akanyoosha mkono na bendi yake ikanyamaza, na watu nao wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

"Mwalimu," akasema, "nani?"

"Mimoun."

Akafumba macho. Jasho lilikuwa linauchora uso wake mistari. "Mngeniambia," akasema.

"Tumekuambia, Batiste. Kazi yetu ilikuwa kukuambia."

Kisha, kwa moyo wake wote, nina hakika, akaniomba ruhusa kundi lake limsindikize Baba kwa heshima mpaka nje ya mji. Nyuma yake Wamoro wake wote walikuwa wamekwisha vua vilemba.

"Mlitusindikiza nje ya mji mara moja, zamani," nikamwambia. "Inatosha."

Tukapita peke yetu.

Huko mji mkuu Baba alizikwa kabla ya jua kuchwa, katikati ya watu asiowajua. Ardhi ilikuwa nzuri, sina la kulalamika juu ya ardhi. Mama akamuuliza msimamizi kama anaweza kuwekewa nafasi ubavuni kwa mumewe. Yule bwana akamjibu kwa upole kwamba watu huzikwa kwa kufuatana wanavyofika, na kaburi la pembeni lina mwenyewe tayari, yuko njiani kutoka mji mwingine uliokosa pa kumzika.

Mama alijifuta udongo mikononi. Akaniuliza, Ijumaa, basi la kuja huku linapandiwa wapi.

Nikamwambia hakuna basi.